Bibi Alinikuta Nimemnunia Mungu

Usiku ule nililala nikiwa nimemnunia Mungu, na wala sikujificha. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mwanangu Deo, na nilishamwambia mama mkwe mbele ya watu kwamba ibada waifanye wao, mimi nitajifungia chumbani. Mama mkwe akashika kichwa. "Sasa Mama Deo, Mungu utamwambia nini?" Nikamjibu kwamba mwenye la kusema ni Yeye, si mimi.

Mniwie radhi, mimi ni mtu wa hasira tangu utotoni. Lakini hasira hii ilikuwa nyingine. Deo alikuwa na miaka mitano. Alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Siku zile nilipiga magoti kwenye baraza ya zahanati mpaka ngozi ikachubuka, nikimpigia Mungu kelele, manesi wananitazama. Tangu hapo sikuweza kusali tena. Mume wangu yeye aliendelea na rozari yake kila jioni, sauti imetulia vile, na mimi nikamchukia kwa hilo. Chakula kikawa hakina ladha. Mvua za kwanza ziliponyesha nilifunga dirisha nisione migomba inavyochipua, maana niliona inanicheka. Niliogopa, nasema kweli, kwamba nitabaki hivyo hivyo hadi kufa, mtu anayetembea tu na ndani hamna kitu.

Basi nikalala, na Bibi akaja.

Huyu ni Bibi mzaa mama, aliyenilea, na alifariki kabla sijaolewa. Alisimama mlangoni na mabuti yake ya mpira, kanga kiunoni, vijiti viwili mkononi. Hata pole hakunipa.

"Bado umelala? Na jua lote hili?"

"Bibi, ni usiku."

"Usiku wako huo."

Nikatoka nje, na kweli ni mchana, tena mchana wa baada ya mvua, ardhi inafuka mvuke. Siulizi kitu. Tunapita katikati ya migomba ya nyumbani kwangu, na tunapotokeza upande wa pili tuko kwake, kule karibu na mpaka wa Uganda, mbele ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko lake.

Kwetu kila kichuguu kina mwenyewe, na hiki Bibi alikirithi kwa mama yake. Msimu wa kumbikumbi ukifika hatungoji watoke kwa kupenda kwao. Unakifunika kichuguu kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, unaacha tundu moja tu lenye mwanga, unachimba kishimo mbele yake cha wao kudondokea. Halafu unakaa chini na kugonga vijiti juu ya kibao, polepole, mpaka walioko ndani wadhani kwamba mvua inanyesha. Hapo ndipo wanapotoka. Utoto wangu wote nimeifanya kazi hiyo.

Kichuguu kilikuwa kimeshafunikwa. Bibi akanipa vijiti. "Gonga."

Nikagonga. Mwanzo nilitaka kugonga vizuri, lakini mikono ikanishinda, nikajikuta nakipiga kile kibao kwa nguvu zangu zote, napiga huku nalia bila machozi, napiga mpaka kijiti kimoja kikapasuka. Na pale kwenye tundu wakatoka askari. Wale mchwa wenye vichwa vikubwa vyekundu, wakamiminika, wakapanda mikononi mwangu wakauma. Damu ikatoka vidoleni.

Bibi alicheka! Alicheka kile kicheko chake cha kupiga mapaja. "Ebo! Umesahau hata kugonga? Mvua gani inapiga hivyo? Hao wanadhani mwizi anabomoa nyumba." Akaanza kunibandua askari mmoja mmoja, na nilipomtazama tena alikuwa hacheki. "Na Mungu ulimgongea hivi hivi?"

Hapo nikawaka. Nikamwambia, "Kwa hiyo mwanangu amekufa kwa sababu sikujua kugonga?"

"Nani kasema hivyo?" Sauti yake ikawa kali, ile ya kunifokea nilipokuwa mdogo nikisogelea moto. "Mtoto kafa kwa homa. Usinitie maneno kinywani."

Mvuke unapanda kutoka ardhini, mahali fulani kuku anatetea. Nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu nimwone mlangoni.

"Bibi, Deo yuko wapi?"

Akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole. "Hilo sikutumwa."

Lo! Niliumia kuliko siku ya mazishi. Nilitaka nimkamate nimtikise mpaka aseme. Badala yake yeye ndiye aliyenikamata. Alikaa nyuma yangu, akaiweka mikono yake juu ya yangu, akaokota kijiti kingine, na tukaanza upya. Tunagonga taratibu. Tunagonga kidogo, tunaacha, tunagonga tena, kama manyunyu yanayojaribu bati kabla mvua yenyewe haijafika. Sijui tumekaa muda gani. Akanisukuma kichwa mpaka sikio langu likagusa ardhi.

Nikasikia. Chini kule kulikuwa na kishindo kidogo kidogo, kama uji unaoanza kuchemka. Wako wengi mno, katika giza, bila macho ya maana, na wote wanajua kwamba wakati umefika. Nani kawaambia? Mimi na Bibi tumewadanganya kwa vijiti, sawa, lakini zile mbawa hatukuwapa sisi. Zilikuwa zimeota humo gizani muda wote, zinangoja.

Kisha wakatoka. Wa kwanza akasimama tunduni akitetemeka, mbawa mbichi, akaruka. Wakafuata kumi, wakafuata wasiohesabika. Blanketi limeinuka, mimi niko katikati ya mbawa, zinanigusa usoni na midomoni, jua linapita ndani yake. Ndege wanashuka wanawala. Mjusi anawala. Wengine wanadondoka mbawa zinawang'oka, na wawili wawili wanafuatana ardhini wakitafuta pa kuingia. Wengi wanakufa papo hapo na bado wanatoka. Nikajikuta nimeachama mdomo wazi, nimesahau. Wallahi nilisahau kila kitu kwa muda wa pumzi tatu hivi. Nilipokumbuka, aibu ikanipata. Mama gani anamsahau mwanawe kwa sababu ya kumbikumbi?

Bibi aliniona. "Mimi nilizika wanne," akasema. Nilikuwa sijui. Maisha yake yote hakuwahi kunitajia. "Kila mwaka nilirudi hapa."

"Kuwala?"

"Kuwala, ndiyo. Na kushangaa." Akakamata mmoja, akamng'oa mbawa, akanitia mdomoni mzima mzima. Ule utamu wake wa mafuta ukaenea kwenye ulimi. "Kusali usilazimishe. Ukishindwa kusali, shangaa. Na hilo nalo linafika."

Nikataka kumwuliza linafika wapi, lakini kichuguu kimekuwa kitanda, na vijiti ni ncha za shuka nimezikunja mikononi.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa shati lake jeupe la ibada, ananitazama kwa woga. Nikamsimulia yote, mpaka lile neno la mwisho. Nilitegemea anihubirie. Akaishika rozari iliyokuwa shingoni mwake.

"Mama Deo," akasema, "mimi tangu tumzike nachezesha midomo tu. Rozari yote ile. Ndani hamna kitu."

Siku arobaini nimemchukia mtu wa watu kwa amani asiyokuwa nayo! Machozi yakanitoka, na yeye yakamtoka, tukalia kwa sauti mpaka mama mkwe akagonga mlango kuuliza kuna nini tena. Nikamjibu kwamba ibadani tutakuja, wote wawili. Kisha nikamwambia mume wangu, "Njoo kwanza tukae nje. Usiseme lolote. Tutazame tu kunavyokucha." Akaivua rozari shingoni, akaitia mfukoni, tukatoka.