Mtoto wa Karibu na Mlango

Mwaka wangu wa kwanza katika chekechea moja ya Kiislamu hapa Eldoret, nilikuwa na msichana wa miaka mitano niliyemwona mkaidi. Mimi ni Mkristo, nilitoka Kakamega kutafuta kazi, na shule ilinichukua kwa kuwa ilikosa mwalimu wa sayansi. Asubuhi ustadha aliwasomesha dini. Baada ya uji, watoto walikuwa wangu.

Msichana huyo alikuwa haitiki. Namwita, anaendelea kuchezea ukingo wa mkeka. Nawatuma nje kuokota majani, yeye anainuka wa mwisho, baada ya kuwaangalia wenzake. Maneno yake yalikuwa machache, hayaeleweki vizuri. Nikadhani anaona haya. Muhula wa pili nilichoka, nikamkalisha nyuma kabisa, karibu na mlango. Ilikuwa adhabu.

Kisha tukafika somo la milango ya fahamu. Siku ya masikio niliwafunga macho kwa kitambaa, mmoja mmoja, nikatikisa mahindi ndani ya mkebe, nikamimina maji, nikapiga kengele, nao wakataja walichosikia. Zamu yake ilipofika nilitikisa mahindi. Kimya. Nikapiga kengele karibu na sikio lake. Alikaa tu, mikono magotini, akisubiri mchezo uanze.

Nilipomfungua kitambaa alinitazama mdomo, si macho.

Nikamwita ustadha, nikamwambia mtoto huyu hasikii. "Haiwezekani," akasema. "Huyu husoma sura ya Alhamdu na wenzake kila siku."

Alipiga magoti mbele yake, akaanza kusoma. Mtoto akamfuata kwa midomo, bila kukosea, bila sauti. Ustadha aligeukia ukuta, akajipangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

Mchana mama yake, muuzaji wa mitumba mjini, alipokuja kumchukua, nilimweleza. Hakushtuka.

"Nilijua, mwalimu. Tangu ile homa ya mwaka juzi. Shule mbili zilimkataa. Nikasema nikinyamaza, pengine nyinyi mtakaa na yeye."

Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimemkalisha nyuma.

"Niliona siku moja nilipomleta akiwa amechelewa," akasema. "Nikafikiri ndiko mlikokuwa na nafasi."

Nilitaka anigombeze. Alimfunga mtoto vifungo vya sweta, wakaondoka.

Wiki zilizobaki nilimweka mbele, nikasema naye polepole, uso kwa uso. Tulipootesha maharagwe kwenye pamba, ni yeye aliyeuona mzizi wa kwanza. Alinivuta mkono nikaangalie, kisha akaenda kuwavuta wengine, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama pale nikifikiria miezi yote ambayo nilimnyima hayo.

Shule zilipofungwa, alihamishiwa shule ya bweni ya viziwi, mbali na hapa. Mama yake alikuja kuniaga, akanishukuru kwa kukaa na mtoto wake. Sikuweza kupokea shukrani ile, wala sikujua namna ya kuikataa. Nilimshika mkono tu.