Nilivyompaka bata mzinga viungo vya mzazi

Wakuu, salamu kutoka Riyadh.

Leo nimekuja kukiri. Sijaongeza chumvi, na mtaona kwamba chumvi ndiyo kitu pekee ambacho sikuiba.

Mimi ni Mkenya, mtu mzima mwenye kitambi na digrii mbili. Kila Krismasi tunakula nyumbani kwetu na marafiki wachache, na bata mzinga ni jukumu langu.

Mwaka uliotangulia nilimpaka zile herbs za chupa za supermarket. Watu walikula kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyoniuma.

Mke wangu, Mama Njoki, akatangaza kwamba nikiharibu tena tutaagiza kabsa, ule wali wa nyama wa Kisaudi, na mimi nitahamia kwenye kuosha sufuria.

Sasa, siku moja kabla ya Krismasi nilitumwa kikazi Jeddah, kwenda na kurudi. Nassor, Mzanzibari ninayefanya naye kazi, akaniomba nipitie kwa mama mkwe wake, Bi Zuhura, nichukue mzigo. Mke wa Nassor, Rahma, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza hapa Riyadh. Bi Zuhura magoti yamemkatalia safari, kwa hiyo alikuwa akimtumia viungo vya uji na supu ya siku arubaini.

Bi Zuhura anakaa karibu na Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Familia yake ipo Jeddah tangu 1964, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja mpaka leo. Akanikabidhi mkebe: pilipili manga, tangawizi kavu, mdalasini, iliki, karafuu, vyote amevitwanga kwa mkono wake.

"Mwanangu, hii ya mzazi. Imfikie yote."

Nikasema sawa, mama.

Kufika nyumbani nikaufungua, eti kuhakikisha haujamwagika. Harufu ile, wakuu!

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Kijiko cha kwanza nilikiita sampling. Cha pili, nikaona sample ilikuwa ndogo mno kitakwimu. Nilipomaliza utafiti, mkebe ulikuwa nusu na bata amepakwa mpaka ndani ya mapaja, pamoja na siagi, ndimu na kitunguu saumu.

Krismasi ikafika. Bata akatoka kwenye oven rangi ya asali, anachuruzika mchuzi. Wageni wakasogeza sahani. Mama Njoki akajiongezea mara mbili bila kutoa maoni, na kwa anayemjua, hiyo ni tuzo.

Nassor akaja kuchukua mkebe. Akasema yeye hakuja Krismasi, amefuata mzigo wa mkewe, ila akikaribishwa hakatai. Akakaa. Akatia kipande mdomoni, akatafuna polepole. Akamtazama bata, kisha mimi.

"Kaka, huyu bata kajifungua lini?"

Meza nzima ikacheka. Nassor hakucheka. Nikaleta ule mkebe, akaupima mkononi.

"Rahma hali kitu wiki nzima," akasema. "Anangoja mkono wa mama yake."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akaniambia nimpigie mwenyewe Bi Zuhura. Nikapiga pale pale mezani, nikaeleza yote bila kujitetea. Bi Zuhura akauliza jambo moja tu:

"Alilainika?"

"Ndiyo, mama. Mpaka mfupani."

"Basi mpelekee mwanangu paja na mchuzi wake, vingali moto. Nami kesho natwanga nyingine. Ungeniomba, ningekukatalia?"

Hapo Nassor akacheka mpaka akafuta machozi. Tukafunga paja, tukakimbia nalo. Rahma alilimaliza, akauliza la pili liko wapi. Nilikuwa nimelila.

Siku chache baadaye ukaja mzigo kutoka Jeddah, mikebe miwili. Mmoja umeandikwa MZAZI. Mwingine MWIZI.

Nilichojifunza: kuomba kunachukua dakika moja, na hakuhitaji digrii hata moja.

Haya, nisemeni, nimekaa tayari. Ila atakayenisema aanze kwa kutaja yeye aliwahi kudokoa nini, jikoni kwa nani. Mkebe wangu uko rafu ya mbele, Mama Njoki amegeuza maandishi yatazame wageni.