Vidonge vya Manjano Alivyoleta Tata

Bado naiona siku ile, mwanangu, Tata aliposhuka kutoka Nanyuki na mkebe wa vidonge vya manjano ndani ya mkoba. Usishangae nikikuita mwanangu. Chuo nilimaliza juzi tu, na kazi sijapata. Lakini mimi ndiye ninayemtoa Baba hapa Tetu kumpeleka Nyeri mjini kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zimechoka, na kuuguza kumenizeesha kidogo. Kwa hivyo nisikilize, wewe unayeanza kuuguza mtu wako wa mashine.

Tata ni dada mkubwa wa Baba. Alimkuta anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Wagonjwa wa figo huwashwa ngozi, na Baba alikuwa halali.

"Wewe, utabomoa nyumba," Tata akamwambia. "Chukua hii. Ni manjano tu. Kuna mzee huko kwetu alikuwa anajikuna hivyo, saa hii ametulia."

Baba akapokea kwa mikono miwili, akameza kimoja papo hapo. Kwetu, dada mkubwa akikuletea kitu ukiwa mgonjwa, humrudishii.

Nikashika simu nikaanza kusoma. Mahali pamoja waliandika kwamba manjano yamewapunguzia kuwashwa baadhi ya watu wa mashine. Mahali pengine wakaandika kwamba yanaweza kuifanya damu iwe nyepesi, na mtu wa mashine tayari huwekewa dawa ya kuzuia damu isigande. Wengine walionya juu ya potasiamu, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, wengine juu ya pilipili manga inayochanganywa humo, kwamba yaweza kuzidisha nguvu za dawa nyingine. Nikageuza mkebe: pilipili manga ilikuwamo. Basi nikajiuliza, je, manjano ninayotia kwenye mchuzi nayo? Nikimkataza halafu akeshe akijikuna? Nikimwachia halafu yampate makubwa? Kila jibu nililopata lilikuja na sababu ya kulitilia shaka.

"Sasa wewe mwenye kusoma," Baba akaniuliza, "nimeze ama niache?"

"Ngoja nisome kidogo tena, Baba."

"Haya, soma. Mimi nitakuwa nikimeza nikikungoja."

Siku ya mashine ilipofika, muuguzi aliuliza kama anavyowauliza wote kabla ya kuwadunga: "Kuna dawa ingine unatumia nyumbani? Ya miti, ya duka, chochote?"

"Hakuna, sista," Baba akasema, akanitupia jicho. Nililielewa lile jicho. Tukisema, atakatazwa. Akikatazwa, itabidi tumwambie Tata, naye ataona tumemdharau. Nikajifanya nasoma simu.

Baba alipomaliza mashine na sindano zikatolewa, damu haikukauka kama siku nyingine. Pamba ikalowa, ikabadilishwa, ikalowa tena, damu ikateremka hadi kwenye kiwiko. Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Wang'uru, aliyelala kitanda cha pili, akamtania: "Mzee, leo umefungulia mfereji wa shamba?" Baba akacheka, lakini midomo yake ilikuwa imepauka.

"Amekula nini huyu?" sista akaniuliza, vidole vyake vikiwa vimebana mkono wa Baba. Nikamwambia. Hakunifokea, na ningependa angenifokea.

"Sasa sijui kama ni hayo manjano, ama ni dawa ya mashine, ama ni mshipa wenyewe. Ungeniambia asubuhi ningejua pa kuanzia."

Mwishowe damu ikatulia. Sista akauliza vidonge vilikuwa vya nini. Kuwashwa, nikasema.

"Kuwashwa? Mzee, mbona hujawahi kuniambia?"

"Nitalalamika aje juu ya kujikuna," Baba akajibu, "na huyu jirani yangu hata kukaa hawezi?"

Sista akatueleza kwamba kuwashwa huko mara nyingine hutokana na fosforasi, madini ya kwenye chakula, kujaa mwilini figo zikishindwa kuyatoa, akauliza Baba anakunywa nini. Chai ya maziwa, tukasema, tangu asubuhi, kila mgeni anapoingia. Tuna ng'ombe wetu. Akashika kiuno, akasema maziwa yana fosforasi nyingi, ayapunguze. Daktari naye akapima damu, akampa dawa ya kuizuia fosforasi hiyo, ya kumeza pamoja na chakula.

Tata aliporudi aliiona bendeji. Nikamweleza yote. Akakasirika kweli, lakini si kwa nililoogopa.

"Mlinificha mimi? Kwani mimi ni chifu? Nililetea ndugu yangu kitu apone, sikuleta ndio niheshimiwe. Hiyo heshima nitaipeleka wapi nikimzika?" Akanigeukia. "Na wewe, ulisoma simu mpaka chaji ikaisha, ukakosa kuuliza mwenye kushika sindano?"

Mpaka leo, mwanangu, sijui kama ni vile vidonge. Baba hajikuni sana siku hizi, na sijui kama ni maziwa aliyopunguza au ni dawa ya daktari. Nimewauliza wa hospitali, nao hawana hakika. Bado nasoma, na bado nachanganyikiwa.

Lakini hili nakuambia. Manjano kidogo kwenye mchuzi ni chakula. Yakishindiliwa kwenye kidonge yahesabu kuwa dawa, hata mkebe ukiandikwa ni ya asili. Mtu wako wa mashine asimeze kabla wanaomtibu hawajauona mkebe. Ukiulizwa asubuhi kama kuna kingine anachotumia, sema, hata mgonjwa akikukodolea macho. Na mwambie ataje kila kinachomsumbua, hata akikiona kidogo. Usingoje mpaka uelewe ndipo useme. Sema ukiwa umechanganyikiwa vivyo hivyo. Na aliyekuletea zawadi kwa upendo, mwambie ukweli; akinuna, kununa kutamwisha.

Mungu akufungue kinywa mahali mimi nilipofunga changu. Na kila mgonjwa utakayeondoka naye asubuhi, akujalie urudi naye nyumbani jioni.