Mstari wa Unga

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu kilifungwa kwa unga wa mtama. Nikiwasimulia watu wa hapa Mapinga wanacheka, na dalali mmoja wa viwanja aliwahi kuniuliza kama unga huo ungefaa kuzuia wavamizi wa mashamba. Nikacheka naye. Mama yangu, aliyekuwa kibarazani akichambua mchicha, hakucheka.

Tuliishi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba alikuwa ametutangulia huku Bagamoyo kutafuta kazi. Tulibaki mimi, mama, mdogo wangu Saidi ambaye bado alikuwa ananyonya, na Bibi, mzaa baba. Bibi alikuwa mtu wa swala tano na mtu wa mizimu vilevile, wala hakuona taabu kuvichanganya. Yeye ndiye aliyekuwa akikizindika kijiji, kukikinga na maadui kwa dawa. Likija neno kwamba jeshi linapita, jeshi lolote, maana pande zote mbili zilichoma nyumba na kuwabebesha watu mizigo, Bibi alifukia fingo lake, hirizi ya kinga, kwenye njia ya kuingilia, kisha akamwaga unga kuzunguka nyumba zote. Tangu hapo hatoki mtu, haingii mtu, mpaka jeshi lipite. Atakayevuka, alisema, atawafungulia askari mlango.

Safari hiyo neno lilikuja mama akiwa hayupo. Alikuwa amekwenda kijiji cha pili kuwauguza watoto wa dada yake waliokuwa na surua, ndiyo maana alimwacha Saidi kwetu.

"Na mama je?" nilimuuliza Bibi, unga ukimdondoka vidoleni.

"Mama yako ni mtu mzima," alijibu bila kunitazama.

Tulikaa humo kama kuku ndani ya tenga. Moto marufuku, kwa sababu ya moshi. Kutwanga marufuku. Tulitafuna muhogo mbichi, na hata majirani waliokuwa na ugomvi wao wa siku zote waligombana kwa kunong'ona. Saidi alilia njaa hadi sauti ikamkauka. Bibi akampa titi lake mwenyewe, lisilo na kitu, na mtoto akalivuta kwa hasira. Nilimchukia Bibi. Ule unga ulikuwa kitu cha kupuliza tu ukatoweka, na bado mguu wangu haukuthubutu kuuvuka.

Mama alitokea kesho yake mchana. Alisimama upande wa pili wa unga, kanga imemlowa maziwa kifuani. Saidi alipomwona alinyoosha mikono.

"Wameshafika kwenye mashamba ya mihogo," mama alisema. "Nipisheni niingie, mama."

"Usivuke, mwanangu," Bibi alisema. "Ukivuka umewafungulia."

"Basi nipeni mtoto."

"Hatoki mtu."

Mama alimtazama Saidi, akanitazama mimi, kisha akageuka kuangalia alikotoka. Njia ilikuwa ya mchanga, na nyayo zake zilikuwa zimekuja moja kwa moja hadi kwetu. Nadhani ndiyo kwanza aliziona. Akavunja tawi la mkorosho, akaanza kuondoka kinyumenyume, uso wake umetuelekea, akifagia kila alipokanyaga, mpaka kichuguu kilipomficha.

Alasiri hiyo jeshi lilipita. Tulilala kifudifudi ndani ya nyumba tukisikia viatu, kikohozi cha mtu mmoja, na masufuria yakigongana migongoni mwao. Pale kwenye kichuguu, njia yetu inapoachana na njia kubwa, walisimama. Bibi alimbana Saidi kifuani asipate pa kulia. Kisha viatu vikaendelea kushuka mtoni.

Watu walimsifu Bibi. Fingo limeshika, walisema. Mama hakuonekana.

Alirudi mvua za kwanza zilipoanza, utosi umenyonyoka nywele kwa kubebeshwa masanduku ya risasi. Saidi hakumjua, alimkimbia akajificha nyuma yangu. Siku hiyo ndipo mama aliposema kwamba alipofika kwenye kichuguu hakujificha. Alilitupa tawi, akashika njia kubwa ya mtoni akikanyaga kwa nguvu, ili askari wapate nyayo za kufuata. Wakazifuata mpaka wakamkuta. Bibi alichemsha maji, akapiga magoti, akamwosha mkwewe miguu.

Leo wapo wanaoniambia ule ulikuwa ushirikina, na wapo wanaosema fingo lilifanya kazi. Sibishani nao. Ninachojua ni kwamba kijiji kilipona, na kilipona kwa sababu mtu mmoja alifungiwa nje. Niliwahi kumuuliza mama kama aliuamini ule unga.

"Niliamini au sikuamini, sikuvuka," alisema. "Na ninyi mpo."

Mama sasa ni mzee, lakini hakubali mtu mwingine amfagilie uwanja. Kila alfajiri huanzia mlangoni na kwenda kinyumenyume, akifuta nyayo zake mwenyewe, na akimaliza huwa yuko nje ya geti, peke yake, fagio mkononi, anatutazama. Nami kila asubuhi naiacha chai yangu, natoka hadi getini kumwambia, "Ingia, mama."