Nyumba ya Ganshoren na Mama Aliyemo

Mama yake Rigobert alitoka Bukavu wakati wa vita, akafika Brussels mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, akapandishwa ngazi za jengo moja la Ixelles mpaka chini ya paa, na safari ikaishia hapo. Magoti yalikataa kushuka tena. Akawa anashinda dirishani akitazama vigae na njiwa, na kila jioni swali lake ni moja:

“Rigobert, batu ba huku banalimaka wapi?”

Kazi ya Rigobert ilikuwa kuogesha vikongwe wa Kibelgiji katika nyumba ya wazee kule Woluwe. Mchana kutwa anasukuma bibi za watu kwenye viti vya magurudumu, anawaonyesha maua. Jioni anarudi kumkuta wa kwake amekaa darini kama gunia la maharage lililosahauliwa. Akaapa: atanunua nyumba yenye chumba cha chini, na mlango wa kutokea bustanini, kabla mama hajafumba macho. Benki ilimtazama, ikatazama mshahara wake, ikakubali kidogo tu.

Ndipo Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamleta Madame Andrée.

Alikuwa mjane wa mlowezi wa kahawa. Alitoka Kivu na picha za ziwa, vinyago viwili, na Kiswahili cha kuamrisha wapishi. Siku kwaya ya Wakongo, Rigobert akiwemo, ilipoimba kwenye parokia yake ya Ganshoren, alimfuata Rigobert mlangoni.

“Wewe Mushi, kabila ya Bukavu? Mimi najua Bashi! Wewe kuja kwangu, kunywa kahawa.”

Rigobert akayeyuka kama siagi. Mkewe Cécile hakuyeyuka. “Anatusemesha sawa vile ma-boyi yake ya jikoni,” alinong’ona. Lakini kahawa ikanywewa, mara ya pili, mara ya tano, na siku moja madame akasema anauza nyumba, hana mtoto, na angefurahi ichukuliwe na watu wa Kivu. Chumba cha chini kilikuwepo. Mlango wa bustanini ulikuwepo. Na bei ilikuwa ya kuchekesha, chini kabisa ya bei za mtaa ule. Rigobert akaiita bei ya urafiki.

Rafiki yake Guylain, muuguzi aliyekwisha nunua apartment, alimwonya.

“Bon, notaire wako, mwenye ataandika mauzo, ni nani?”

“Wa maman Andrée. Yule wa Uccle, wa familia yao.”

“Ule ni wake. Miye nakuuliza wako! Uko na haki ya kuleta wako, na haikuongezee kitu: bote babili banagawana malipo ile ile.”

“Guylain, muntu amenipokea kwake, amenipa keki, alafu nimuletee notaire wangu? Ni sawa kwenda kwa harusi ya batu na sufuria yako kwa kichwa.”

“Donc beba sufuria, mon cher. Utashukuru.”

Hakubeba. Alinunua tai mpya badala yake.

Hapa msomaji anasubiri mwizi atokee. Pole sana, mwizi hayupo. Maître, ndiye huyo notaire, alikuwa mtu mwaminifu wa kuudhi. Angekuwa tapeli, tungemtukana tukapumua. Aliwaketisha Rigobert, Cécile na madame ofisini kwake Uccle, kwenye viti vya ngozi vinavyolia ukijisogeza, akasoma karatasi ya mauzo, ile ambayo Ubelgiji ukishatia sahihi umekwisha nunua. Alisoma polepole, kwa Kifaransa cha kueleweka. Kisha akainua miwani.

“Bwana Rigobert, bei ni ndogo kwa sababu madame anabakiza haki ya kukaa katika nyumba hiyo. Mpaka atakapofariki. Limeeleweka? Una swali?”

Swali alikuwa nalo. Madame alikuwa amemwambia kwa mdomo wake, kwenye keki, kwamba karibuni ataenda kupumzika kwa masista, katika nyumba yao ya wazee. Karibuni ndiyo lini? Na asipoenda? Lakini mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, goti kwa goti, na mkoba wake mapajani. Utamuulizaje mama wa watu, machoni pake, mbele ya shahidi, kwamba unakusudia kufa lini? Kwao Bukavu, aulizaye hivyo hajauliza, ameagiza. Kesho mzee akipata mafua tu, watu watajua mlango wa kubisha kumtafuta mchawi.

“Maître, tuache mambo ile,” Rigobert alisema, jasho likimtoka. “Maman ataishi miaka mingi.”

Maître, Mbelgiji wa watu, akaandika kwamba mnunuzi ameelewa. Madame Andrée akampapasa mkono. “Wewe mtu muzuri sana.” Cécile alimpiga Rigobert teke chini ya meza, lakini kalamu ilikuwa imekwisha kimbia.

Kazi ya notaire wako mwenyewe ni hiyo tu: kukutoa nje kwenye korido, kufunga mlango, na kusema neno “kifo” mahali ambapo mwenye kufa halisikii. Rigobert alijinyima korido.

“Madame anatoka lini?” Guylain aliuliza Jumapili ile.

Cécile ndiye aliyejibu. “Bwana yangu amemutakia miaka mingi. Mbele ya notaire.”

Guylain alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha ghafla, kwa sababu Rigobert alikuwa analia.

Na kweli, masista hawakuonekana. Madame Andrée alinawiri. Cécile alimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa adabu tu, na sombe ikampa damu. Rigobert, kwa mazoea ya kazi, alianza kumtazama vifundo vya miguu kama vinavimba. Havikuvimba. Siku moja alijikuta amesikitika, akakimbilia kuungama. Padri alimuuliza kama amemtakia mtu mabaya.

“Hapana, mon père. Nilimutakia mazuri. Njo shida yenyewe.”

Mama yake, Rigobert alimdanganya: nyumba inapakwa rangi. Mwezi baada ya mwezi inapakwa rangi. Mama, ambaye hakuwa mjinga, aliacha kuuliza. Aliacha pia kukaa dirishani. Novemba ya mwaka uliofuata akafariki pale pale darini, na wanaume wa kwaya wakamshusha kwa zamu, wakipishana kwenye kona za ngazi na kuombana radhi.

Kilio kitafanyikia wapi? Vyumba viwili havitoshi watu wa Kivu nzima. Rigobert akaenda Ganshoren kuomba ruhusa ya kumlilia mama yake katika nyumba yake. Madame Andrée alimkumbatia, akatoa na machozi ya kweli. Alikubali, ila wavue viatu, na wasipike ndani.

Watu wakaja wengi. Wakavua viatu, wakaimba, wakatazama picha za ziwa. Papa Hilaire, mzee wa kwaya, akasimama: “Maman amekwenda, lakini ameacha mutoto mwenye nyumba!” Wakampigia makofi. Rigobert aliinamisha kichwa, wakadhani ni huzuni tu.

Nje mvua ilikuwa inanyunya. Kina mama walikuwa wametandaza masufuria bustanini, wanasonga bugali juu ya jiko la gesi, miguu peku kwenye majani mabichi. Madame Andrée alifungua dirisha.

“Rigobert! Wao wanakanyaga! Mimi nilipanda majani mupya!”

Rigobert akatoka. Akasimama kwenye mlango ule wa bustanini.

“Bamama, mutoke kwa majani.”

“Ee, Rigobert,” mmoja alisema, mwiko mkononi. “Haiko nyumba yako hii?”

“Ni yangu,” alisema. “Mutoke.”