Buyi ya Bila Jina

Marehemu mume wangu Eugène hakuiba unga wa misaada. Naanza hapo kwa sababu ndipo midomo ya Bunia inapoanzia: eti mifuko yetu haikuwa na jina kwa kuwa unga ulishushwa kwenye malori ya misaada ya wakimbizi, nasi tukaufungasha upya. Wengi wanaosema hivyo walikua kwa unga huo.

Tulitoka Butembo tukaja Bunia kabla ya vita. Mimi nilifundisha Kifaransa, yeye akafungua duka mtaa wa Lumumba, tukatengeneza unga wa uji, au buyi kama tunavyoiita hapa: mahindi, mtama na soya. Soya niliikaanga mwenyewe nikitoka darasani, maana ikisagwa mbichi inamsumbua mtoto tumboni. Kuuza ilikuwa kazi yake Eugène. Asubuhi aliinjika sufuria mbele ya duka akawaonjesha wanafunzi waliopita. Jioni mama zao walikuja kununua. Kila mfuko aliupiga muhuri wa jina la binti yetu wa kwanza: Buyi ya Alliance.

Mwaka 2002 vita viliingia mjini, na kila kundi lenye bunduki likawa na muungano wake, yaani alliance kwa Kifaransa. Asubuhi moja wapiganaji watatu walisimama dukani. Mkubwa wao aligeuzageuza mfuko.

"Papa, alliance na nani?"

"Na mama yake," Eugène akajibu. "Ni mutoto yetu. Iko anafua kule nyuma."

Wenzake wakacheka. Mkubwa wao hakucheka.

"Usituchezee, muzee. Siye tunajua kusoma. Andika hapa chini jina ya kundi yetu, watu wajue weye uko wetu."

"Watoto ya watu wote wanakunywa hii buyi. Nikiandika jina yenu, wengine watakunywa nini?"

"Wakunywe maji. Kesho tutapita kuona."

Eugène hakuandika. Aliukata mpira wa muhuri vipande vipande, kisha tukahamishia unga wote kwenye mifuko isiyo na muhuri. Huo ndio unga tuliofungasha upya. Ulikuwa wetu.

Kesho yake walirudi.

"Jina iko wapi?"

"Haina jina. Si yenu, si ya wengine."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki, wakaimwaga sufuria barabarani. Jirani yetu Joséphine ndiye aliyemfunga kichwa. Yu hai, kamuulizeni.

Alipoweza kusimama alifungua duka, mifuko ikiwa bila jina vilevile. Wateja wakawa wanasema, "Mama Alliance, nipe ile ya bila jina," na kwa kuitwa hivyo ikafika kijiji cha Shari, ikafika kwa wachimba dhahabu wa machimbo ya Kilo. Hatukuwahi kuuza kama miaka ile.

Sasa wapo wanaoniuliza wapiganaji wale walikuwa wa kabila gani, ndipo waniamini. Kundi lao nalijua, na jina la mkubwa wao nalijua. Sitayaandika, wala sitayasema kwa mtu. Nimemaliza.