Kijito cha Muhogo

Leo katika soko la mji wa Baraka mwanamke mmoja amefungua gunia la muhogo uliolowekwa, na harufu yake ya uchachu imenisimamisha.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tumekimbia mapigano kijijini kwetu, tukajibana kwa shangazi katika kijiji cha Lubondja. Mama alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mdogo wangu alinyonya bure, akalia mpaka sauti ikawa nyembamba. Majirani walileta uji wa karanga, mama akanywa, lakini hakuna kilichotoka. Kila mlango ulipogongwa alishtuka. Nikiegemea mgongo wake, nilisikia moyo ukienda mbio.

Shangazi akamwambia wifi yake, "Mulamu, humu ndani utakauka kama samaki ndagala. Twende kijitoni tuloweke mihogo."

"Na huyu mutoto?"

"Huyu iko na kazi gani nyumbani? Mubebe."

Kule kijitoni miti ilikuwa imefunika anga. Mama alitumbukiza miguu majini, akaanza kumenya. Hakuna aliyemuuliza kitu. Maji yalipita juu ya mawe, na kila muhogo uliomenywa ulizama polepole. Nilipoegemea tena mgongo wake, moyo ulikuwa unatembea tu.

Baadaye maishani nimesoma kwamba hofu huzuia maziwa kushuka, na kwamba mwili hulegea penye miti na maji. Siku ile nilijua tu kwamba mtoto, aliyekuwa amewekwa titini kwa mara nyingine, alinyamaza ghafla. Shangazi aliweka kisu chini, akaogopa kutazama.

Kisha sote tukamsikia mtoto akimeza.